Kwenda Ruaha kwa gari lako: barabara, mto na saa ya kuingia getini

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Dar es Salaam, familia ya watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 8 na 12, na mama mkwe wangu. Tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha likizo ya Desemba kwa gari letu, RAV4 ya zamani yenye foo-wili. Mtu mmoja kaniambia gari hilo halifiki, mwingine kaniambia hata IST inafika. Tupite njia gani, tulale wapi, na tukishaingia ndani tutajuaje pa kwenda bila kupotea wala kukwama? Na malipo ya getini yakoje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, karibu Iringa. Hao waliokushauri wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ana mwezi wake kichwani. Mwezi wa tisa nimeona IST zimeegeshwa Msembe, makao makuu ya hifadhi, zimejaa vumbi lakini nzima. Mwezi wa pili nimeona Land Cruiser imezama mpaka kwenye ekseli, inasubiri kuvutwa na trekta. RAV4 yako iko katikati hapo. Desemba itakufikisha getini ikiwa mvua hazijashika kasi, ila barabara utakazoweza kupita ukishaingia zitakuwa chache. Kwa hiyo kabla hatujazungumzia gari, tuzungumzie tarehe.

Ruaha ina kiangazi kuanzia Juni hadi karibu na mwisho wa Novemba, halafu masika yake ni moja tu, ndefu, hadi Aprili. Wanyama wanaonekana vizuri zaidi kati ya Agosti na Oktoba, kwa sababu nyasi zimekauka, miti imepukutisha majani, na maji yamebaki sehemu chache. Desemba nchi inageuka kijani, swala pala wanazaa, ndege wahamiaji wameshafika, na hifadhi nzima unaweza kuiona kama ya kwenu peke yenu. Lakini tembo wametawanyika, maana kila dimbwi porini lina maji, na makorongo uliyoyavuka asubuhi yanaweza kukuzuia jioni. Mimi ningekuwa wewe ningeangalia likizo ya Juni, au ile fupi ya Septemba kama shule ya watoto inayo. Ukishindwa, basi nenda wiki za mwanzo za Desemba, kabla ya Krismasi, na usome kwa makini nitakayosema chini kuhusu maji.

Nianze na mto, kwa sababu ukiuelewa mto umeielewa hifadhi. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000, na sehemu kubwa yake ni miombo usiyoweza kuifikia kwa gari dogo wala huna sababu ya kuifikia. Watalii karibu wote wanazunguka kwenye ukanda mdogo wa kusini mashariki, pale Mto Ruaha Mkuu unapopita mpakani na kupokea mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka milima ya Mbeya na Njombe, yanashuka bonde la Usangu, yanapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, ndipo yanaingia hifadhini. Zamani yalikuwa yanatiririka mwaka mzima. Tangu 1993 mto umekuwa ukikatika kiangazi, maana huko juu maji yanachukuliwa kwenye mashamba ya mpunga na malisho yameelemewa na mifugo. Usangu iliunganishwa na hifadhi mwaka 2008 ili kuokoa chanzo hicho, na mjadala wake haujaisha hadi leo.

Kwako wewe dereva maana yake ni hii: ukifika Septemba au Oktoba usitegemee mto wenye maji tele. Kuna miaka unakuta mchanga mtupu na madimbwi yaliyoachana kilomita nyingi, viboko wamebanana ndani mpaka wanapigana, mamba wamelala ukingoni. Madimbwi hayo ndiyo unayoyafuata. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza askari wa getini ni maji yamebaki wapi. Ukimuuliza simba wako wapi atakuonyesha kwa mkono upande wa jua linakozama, na hatakuwa amekudanganya.

Sasa safari yenyewe. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500 za lami, na kwa gari dogo hesabu saa nane hadi kumi. Toka saa kumi alfajiri ili foleni ya Kibaha na Mlandizi uiache nyuma kabla hakujakucha. Chalinze, Morogoro, kisha unaingia Mikumi, ambapo barabara kuu inakata hifadhi kwa karibu kilomita 50. Hapo hulipii chochote kupita, lakini kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na ukimgonga mnyama unatozwa kulingana na aina yake. Twiga ni pesa ambayo hutaki kuijua. Watoto watamaliza hamu ya pundamilia na swala hapo hapo kabla ya chai. Tochi za trafiki ziko vijijini kote, 50 ni 50, na usidanganywe na basi lililokupita kwa kasi. Dereva wake anajua leo trafiki wamekaa wapi, wewe hujui.

Ukitoka Mikumi mjini unashuka bonde lenye mibuyu hadi Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu kwa magunia kando ya barabara. Usinunue unapokwenda, utanunua ukirudi. Mbele yake ni Kitonga. Mlima huu unauogopa bure ukiupanda na unaudharau ukiushuka, na ingefaa iwe kinyume chake. Kupanda, tatizo lako ni lori lililo mbele linalotembea kama linataka kusimama: kaa nyuma yake, acha nafasi, angalia geji ya joto, zima kiyoyozi. Usilipite kwenye kona hata kama utingo anakupungia mkono kwamba pita. Ukishamaliza mlima unafika Ilula yenye nyanya zake, na Iringa haiko mbali. Kushuka Kitonga nitakueleza mwishoni.

Lala Iringa. Hili sikubembelezi. Kila mwaka kuna familia inayotaka kufanya Dar hadi hifadhini kwa siku moja, na inafika njia ya vumbi jua limezama, watoto wamelala midomo wazi, dereva haoni ng'ombe hadi awe kwenye boneti. Iringa mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake itawashangaza watu wa Dar. Mama mkwe apewe chumba chenye blanketi mbili. Jioni hiyo jaza tangi hadi juu, pima upepo wa matairi likiwemo la spea, nunua maji ya kunywa ya kutosha siku zote, matunda na mkate. Usiweke matumaini yako kwenye mafuta ya vijijini. Ukichanganya kwenda, kurudi na kuzunguka kwa siku mbili ndani, utakuwa umetembea karibu kilomita 400, kwa hiyo pima tangi lako linaishia wapi na ikibidi chukua dumu la lita 20, lifungwe vizuri nje ya chumba cha abiria.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Dar wameanza kuipenda tangu treni ya SGR ianze 2024: mnapanda treni hadi Dodoma, halafu mnakodi gari kutoka hapo hadi Iringa. Barabara ni lami nzuri, kama kilomita 260, na inapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, ambako maji yaleyale ya Ruaha mnayokwenda kuyatazama yanazuiwa kuzalisha umeme. Hapo weka simu mfukoni, usipige picha ukutani. Kwa mama mkwe aliyechoka mgongo, treni ni heshima kubwa kuliko kiti cha RAV4. Lakini ukitaka gari lako mwenyewe, ni Morogoro tu.

Kutoka Iringa hadi geti la hifadhi ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na miaka yote imekuwa njia ya vumbi na changarawe. Kuna kazi za kuitia lami, na kazi zikiwapo kuna michepuko, kwa hiyo muulize dereva wa daladala za Tungamalenga hali ya wiki hiyo. Hao wanapita kila siku na hawana sababu ya kukupamba. Njia inaanzia upande wa Kalenga, yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kuna makumbusho ndogo yenye fuvu lake, lililorudishwa na Waingereza mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Mtoto wa miaka 12 ameshaanza kulisikia jina hilo darasani. Simameni nusu saa. Baada ya hapo ni vijiji, mashamba ya mahindi, mifugo, na mbele zaidi barabara inagawanyika. Kulia ni ile iliyonyooka hadi unajiuliza kama inaishia popote. Kushoto unapita Idodi na Tungamalenga. Urefu unakaribiana. Chukua kushoto, kwa sababu ukipata pancha upande huo kuna watu, kuna fundi, kuna soda.

Mwendo wa njia ya vumbi: 50, ukizidi sana 60. Utakutana na sehemu zenye mikunjo midogo midogo inayotetemesha gari zima, na utagundua kwamba ukikimbia mtetemo unapungua. Ni kweli unapungua, kwa sababu matairi yanakuwa hayagusi chini vizuri, na ndiyo maana kwenye kona magari yanaishia porini. Punguza upepo kidogo, kama kawaida yako ni PSI 32 shusha hadi 26, na uvumilie. Lori likija mbele, kaa pembeni upunguze mwendo kabisa. Kioo cha mbele kinapasuliwa na jiwe, na mara nyingi kasi iliyochangia ni yako wewe. Kuna kituo cha mafuta Iringa kitakupunguzia upepo bure na kukucheka, wacha wacheke. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari ili urudishe upepo mwenyewe ukirudi kwenye lami.

Kuhusu malipo, jambo la kujua ni saa. Kibali cha kuingia kinahesabiwa saa 24 tangu ulipoingia, na ni cha kuingia mara moja. Wengi wanakimbilia kufika getini saa mbili asubuhi, wanaingia, wanazunguka jua la mchana wakati wanyama wote wamelala kivulini, jioni wamechoka, na kesho yake saa mbili muda umeisha katikati ya mzunguko mzuri. Ninyi fanyeni hivi: tokeni Iringa saa tatu asubuhi, pumzikeni na mle Tungamalenga, kisha mfike getini kati ya saa saba na saa nane mchana. Mnapata jioni nzima, mnalala ndani, mnapata asubuhi nzima, na mnatoka kesho yake kabla ya saa ileile mliyoingia, kwa kibali kimoja. Mkitaka siku mbili, mnaongeza kibali cha pili kwa mpango huohuo.

Raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki mnalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, basi kitambulisho cha NIDA au pasipoti kiwe mkononi kwa kila mtu mzima. Na kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa au nakala zake, maana umri wao ndio unaopunguza bei. Gari lenye namba za Tanzania linalipiwa kwa shilingi kulingana na uzito. La namba za nje linalipiwa kwa dola, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba jamaa yako wa Nairobi akitaka kuungana nanyi, mwambie aache gari lake Iringa. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu unayolipia kwa simu au benki, si kwa noti. Fanya maombi na uchukue namba hiyo ukiwa bado na mtandao mzuri mjini. Viwango hubadilika kila mwaka wa fedha, kwa hiyo angalia vya sasa kwenye tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na uongeze VAT, ambayo watu husahau. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2019, na getini wanaangalia kweli.

Ukipita geti unavuka daraja la Ibuguziwa. Vuka polepole. Chini yako kuna viboko karibu kila siku ya mwaka, na kuna watu wameendesha kilomita 600 wakapita hapo wanatafuta simu iliyoanguka chini ya kiti. Mbele ni Msembe, na kuanzia hapo mtandao wa barabara una vibao vidogo vya herufi na namba kwenye makutano mengi. Nunua ramani, au piga picha ile iliyobandikwa ofisini, na mpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kutaja kila kibao mnachopita. Kupotea Ruaha kunatokana na kuacha kutaja vibao dakika kumi kwa sababu ya twiga. Ramani ya simu ipakue kabla, kwa sababu ukiachana na Msembe mtandao ni wa kubahatisha.

Pa kwenda? Fuata mto. Jioni ya kwanza nendeni barabara ya kando ya mto kuteremka upande unaoelekea makutano na Mwagusi, mwendo wa 20 hadi 25, madirisha wazi, redio imezimwa. Kila penye njia ndogo inayoingia ukingoni, ingia, zima gari, kaeni dakika kumi. Familia nyingi zinaharibu safari kwa kufukuza umbali. Wanaandika kilomita 120 kwa siku, wameona migongo ya wanyama inayokimbia, wanasema Ruaha haina kitu. Kilomita 40 kwa jioni ni nyingi. Mkifika eneo lenye vichaka vizito kando ya mto angalieni tandala, wote wawili, mkubwa na mdogo. Ni hifadhi chache zenye wote pamoja. Asubuhi tokeni saa kumi na mbili mara ruhusa inapofunguliwa, rudini saa nne, pumzikeni hadi saa kumi. Saa kumi na mbili jioni muwe mmesharudi, kwa sababu kuendesha usiku hakuruhusiwi, na gari lisitoke nje ya barabara hata kwa chui.

Mwagusi ukiufikia kiangazi utaona mto mpana wa mchanga mkavu, na juu yake tembo amesimama kama amesahau alichokuja kufanya. Mwangalieni. Anachimba kwa mguu wa mbele, anatupa mchanga nyuma, kisha anaingiza mkonga kwenye shimo na kutulia. Maji ya kwanza ni machafu, anayanyonya na kuyamwaga pembeni. Anasubiri shimo lijichuje, ndipo anakunywa, kidogo kidogo, na anaweza kukaa hapo saa nzima. Akiondoka, nyani waliokuwa wamekaa ukingoni wanashuka, na baada yao pundamilia. Mashimo hayo ndiyo yanayoweka hai wanyama wengi kipindi mto mkubwa umekatika.

Tembo wa Ruaha wanahitaji adabu. Waliuawa kwa wingi mno kwa ajili ya pembe kati ya 2009 na 2014, na majike wazima wa leo waliyaona hayo wakiwa na watoto wao. Ukikuta kundi linavuka, simama mbali, mita 50 si nyingi, na usizime injini. Usipige honi. Usiingie kati ya mama na mtoto, hata kama nafasi inaonekana. Masikio yakifunguka na kichwa kikatikisika, hiyo ni lugha ya kwanza: rudi nyuma taratibu, gari linyooke, bila kukanyaga mafuta kwa hofu. Dume peke yake mwenye majimaji yanayotiririka shavuni na miguu ya nyuma iliyolowa, huyo mpishe barabara yote hata ikichukua nusu saa. Watu wawili waliogeukiwa na tembo ninaowafahamu, wote walikuwa wamesogea ili simu ipate picha kubwa.

Kuhusu kukwama. Kiangazi adui wako ni mchanga kwenye vivuko vya mito. Simama kabla, tazama upande wa pili njia inatokea wapi, weka foo-wili na gia ya chini, kwa otomatiki weka kwenye L au 2, halafu ingia kwa mwendo wa wastani na usikanyage breki wala kusimama katikati. Gari likianza kuzama acha mafuta mara moja. Kuzungusha matairi kunachimba shimo lako mwenyewe. Rudi kinyumenyume kwenye alama zako zilezile, shusha upepo hadi 18, ujaribu tena. Sepeto fupi na mazulia ya miguuni ya gari vinatosha kuwatoa mara nyingi. Ila kabla mtu hajafungua mlango, angalieni kwanza chini ya kingo za mto, kwenye kivuli cha mizizi. Simba wa Ruaha wanapenda kulala hapo hapo mchana, na makundi yao ni makubwa.

Desemba mambo yanageuka. Korongo kavu linaweza kuteremsha maji hali juu yako hakuna wingu, kwa sababu mvua imenyesha juu kilomita nyingi. Ukikuta maji yanatembea na huoni mchanga chini, usivuke. Pia usishuke kupima kina kwa miguu kama tunavyofanya vijijini, mamba wanapanda na maji hayo. Zima gari, kaeni. Maji ya ghafla mara nyingi yanapungua baada ya saa chache. Adui wa pili ni udongo mweusi wa mbugani. Ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa unashika tairi zote nne na hakuna foo-wili ya RAV4 itakayokutoa. Ikinyesha usiku, asubuhi baki barabara kuu ya changarawe ya Msembe na ya mtoni iliyoinuliwa, hata kama mtu atakwambia kuna mbwa mwitu mahali.

Ndiyo maana kwa Desemba ushauri wangu ni tofauti na ule uliotaka kuusikia. RAV4 yako iwafikishe Iringa au Tungamalenga, kisha kodini Land Cruiser pamoja na dereva wake kwa siku ya kuingia. Kambi na nyumba za wageni za Tungamalenga zinakodisha, na Iringa mjini wapo wengi. Kuna sababu nyingine: ninyi ni watano, RAV4 ina viti vitano, kwa hiyo hata mkitaka kuchukua mwongozaji wa hifadhi hana pa kukaa. Dereva anayeingia kila siku anaona mkia wa chui kwenye tawi wakati wewe unatazama jiwe la barabarani. Bei mkubaliane kabla, na muulize wazi kama mafuta, posho yake na kibali cha gari vimo ndani au la. Ugomvi wote unatoka hapo. Juni au Septemba, ingieni na gari lenu bila wasiwasi.

Malazi: Msembe kuna nyumba za TANAPA kando ya mto, za bei ya wananchi, na uwanja wa kupiga kambi. Hakuna uzio. Usiku tembo wanapita kati ya nyumba, na viboko wanatoka kula majani. Usiku mtu asitoke bila kumulika kwanza kwa tochi, na akisikia kitu kinatafuna, arudi ndani. Matunda yasilale ndani ya gari, maana tembo anasikia harufu ya machungwa na mlango wa RAV4 kwake si mlango. Mchana wezi ni nyani na tumbili, wanaingia hata dirishani. Mkipita kwenye miombo mtakutana na mbung'o. Fungeni vioo, vaeni nguo za rangi ya udongo, na achaneni na bluu na nyeusi zinazowavuta. Kanga ya mama mkwe ikiwa na bluu nyingi, mwambie kwa heshima abadilishe, au mke wako amwambie, wewe uendeshe. Akae kiti cha mbele. Anaona vizuri, hatetemeki sana, na niamini, atakuwa wa kwanza kuona simba.

Mkirudi, pitieni kwa fundi Iringa kabla ya lami ya Dar: akaze nati za magurudumu, maana mtetemo wa vumbi unazilegeza, apulize chujio la hewa, aangalie breki na arudishe upepo 32. Kushuka Kitonga weka gia ndogo tangu juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza, ili injini ibebe uzito, na breki uzitumie kwa kugusa na kuachia. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana usimame nusu saa, na usimwagie magurudumu maji. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni viko chini hapo upande wa pili, na bei ya gunia inaanzia juu, kwa hiyo mwache mama mkwe ashuke akazungumze nao yeye.